Usaili wa kazi Dodoma: makosa yanayomwangusha msailiwa

Mbele ya kila mjumbe wa jopo kuna karatasi ya alama. Maswali yameshaandaliwa, kila swali lina alama zake, na mjumbe anaandika kile alichokisikia. Huruma haina safu kwenye karatasi hiyo. Ulichokijua ukasahau kukisema nacho hakina safu. Makosa mengi yatakayotajwa hapa yanatokana na kusahau jambo hilo moja: mtu anaingia akitegemea ataonekana anafaa, badala ya kuwapa wajumbe kitu cha kuandika.

Mwongozo huu unaelemea zaidi usaili wa serikali, kwa kuwa ndio unaowaleta wengi Dodoma. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iko hapa, wizara ziko Mtumba, na usaili mwingi hufanyika Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa kampuni binafsi na mashirika, sehemu ya vyeti ni nyepesi, lakini ya chumbani ni ileile.

Vyeti: hapa ndipo watu wanarudishwa bila hata kuulizwa jina

Tangazo la kuitwa kwenye usaili lina masharti mwanzoni na majina chini yake. Wengi hushuka moja kwa moja kwenye majina, wakiliona lao wanafunga tangazo na kuanza kuwapigia ndugu simu. Rudi juu usome masharti.

Vinavyotakiwa ni vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita kama ulipita huko, na vya chuo kulingana na sifa za tangazo. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti, na matokeo ya muda ya chuo hayapokelewi badala ya shahada au stashahada. Anayehakiki mlangoni hana uwezo wa kukuonea huruma. Akikupitisha, jina litakwama mbele na yeye ataulizwa. Kama cheti kimepotea, kukitafuta huanza na taarifa ya upotevu polisi na huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo shughuli hiyo ianze siku unayotuma maombi.

Kosa la pili, na hili linawaumiza hata wenye vyeti vyote, ni majina yasiyofanana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Asha J. Mohamed, kitambulisho cha taifa kina Asha Juma Mohamed Salumu. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja. Kwa mhakiki ni watu watatu mpaka ithibitishwe vingine. Tandaza nyaraka zote mezani, soma jina herufi kwa herufi, kisha linganisha na jina ulilojisajilia kwenye mfumo wa ajira. Ukikuta tofauti, dawa yake ni hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya hivyo mapema. Kumsaka wakili mjini saa moja kabla ya usaili ni kutupa pesa.

Kwa kada zenye bodi au mabaraza, kama uuguzi, uhandisi, ugavi na uhasibu, angalia mambo mawili: cheti cha usajili unacho, na leseni, kama kada yako inayo, haijaisha muda. Muuguzi mwenye leseni iliyokwisha mwezi uliopita anaonekana sawa na asiye nayo. Waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao viwe vimetambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa vyuo vya kati, na NECTA (Baraza la Mitihani) kwa sekondari.

Kitambulisho kiwe kadi yenyewe. Namba ya NIDA iliyoandikwa kwenye simu haitoshi. Kama kadi yako haijatoka, soma kwenye tangazo vitambulisho vingine vinavyokubalika, mara nyingi cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, na ubebe kimojawapo.

Panga kila kitu kwenye folda kwa mfuatano utakaoombwa: kitambulisho juu, kisha cheti cha kuzaliwa, sekondari, chuo, bodi. Weka seti moja ya kopi nyuma. Anayevuruga bahasha mezani huku watu 40 wamesimama nyuma yake anaingia chumbani ameshatokwa na jasho. Na namba ya mtihani inayowekwa kwenye akaunti yako ya maombi, inakili kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Mtandao unaweza kugoma asubuhi hiyo, na kwa kawaida namba hizo hazigawiwi mlangoni.

Mahali na saa

"Usaili utafanyika UDOM" ni maelezo nusu. Chuo kimetandazwa juu ya vilima vya Chimwaga, na kutoka ndaki moja hadi nyingine unaweza kutembea kilomita kadhaa juani. Ukimwambia bodaboda "nipeleke UDOM" atakushusha anapojua yeye. Mtajie ndaki na jina la jengo kama lilivyoandikwa kwenye tangazo. Mtumba nako ni kwingine kabisa: Mji wa Serikali uko takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, barabara ya Morogoro, na asubuhi za siku za kazi daladala za huko hujaa watumishi. Anayelala Nkuhungu au Chang'ombe akiwa na usaili Mtumba anatakiwa avuke jiji zima kwanza. Akilala Ihumwa yuko jirani. Kwa UDOM, tafuta gesti pande za Ng'ong'ona, Makulu au Iyumbu.

Fika Dodoma siku moja kabla. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, iliyoanza safari za hapa mwaka 2024, imewafanya wengine waamini wanaweza kuondoka alfajiri na kuwahi usaili wa asubuhi. Treni inaweza kufika kwa wakati, lakini bado kuna kutoka stesheni, kutafuta usafiri na kupanga foleni. Basi la usiku ni baya zaidi: unashuka stendi ya Nanenane umechoka, hujaoga, na begi huna pa kuliweka. Chakula, nauli na malazi ni juu yako, kwa hiyo hesabu gharama za siku mbili, na kama tangazo linaonesha mchujo, yaani mtihani wa kuandika, na mahojiano kwa kufuatana, hesabu siku nne au tano. Ukifaulu mchujo halafu ukakosa hela ya kulala hadi mahojiano, umeanguka kwa sababu isiyo na uhusiano na akili yako.

Saa. Tangazo la Kiswahili likisema saa 1:00 asubuhi, simu yako inatakiwa iwe imeandika 7:00. Ujumbe wa kampuni ukija kwa Kiingereza na 8:00 AM, hiyo ni saa mbili asubuhi. Kuna watu wanaoweka kengele ya simu kwenye 1:00 wakaamshwa usiku wa manane, wakaizima, na kuamka tena jua limeshapanda. Hesabu mara mbili, kisha mwombe mtu mwingine akupigie.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hauchagui shati, na safari ya bodaboda kwenye barabara isiyo na lami inakubadilisha rangi ya viatu. Panda na ndala au raba, beba viatu kwenye mfuko pamoja na kitambaa chenye unyevu, vivae getini. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi. Vaa sweta njiani na ulivue kabla ya kuingia. Kuhusu mavazi yenyewe hakuna siri: nguo nadhifu, isiyobana, inayoheshimu ofisi, na sketi ipite magoti hata ukiketi. Manukato kidogo au usipake kabisa, chumba huwa kidogo.

Mchujo na vitendo

Kwenye mtihani wa kuandika, kosa kubwa ni kusoma kada nzima na kusahau majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe la kazi. Majukumu yale ndiyo chimbuko la maswali. Kila jukumu lifanye kuwa swali, ulijibu kwa maandishi, ukipima muda.

Kwa usaili wa vitendo, wasaili wanatazama utaratibu kuliko mbwembwe. Dereva anayeketi na kuwasha gari mara moja amepoteza alama kabla gurudumu halijazunguka. Zunguka gari kwanza: matairi, uvujaji chini, taa. Fungua boneti: oili, maji, mkanda wa injini. Ingia: kiti, vioo, mkanda, gia iko huru, ndipo uwashe. Sema kwa sauti unachokagua, kwa sababu mwenye karatasi amesimama mbali na hawezi kujua umeangalia nini.

Chumbani

Bisha, ingia, funga mlango, salimia mara moja kwa wote. Shikamoo ya mtu mmoja mmoja kwa wajumbe watano inakula muda na inaleta aibu pale mmoja anapokuwa mdogo kwako. "Shikamooni" kama jopo ni la watu wazima, au "habari za asubuhi" kama limechanganyika, inatosha. Usinyooshe mkono mpaka unyooshewe. Subiri uambiwe keti. Simu iwe imezimwa, kwa kuwa mtetemo mezani unasikika kuliko unavyodhani.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni "tueleze kwa ufupi kuhusu wewe". Hapa wasailiwa wanaanza na kijiji, idadi ya ndugu, shule ya msingi, na dakika tatu zimekwisha bila neno lolote kuhusu kazi. Jibu liwe la dakika moja hadi moja na nusu: jina, elimu inayohusika, kazi au mafunzo kwa vitendo uliyofanya, na jambo moja unaloliweza ambalo tangazo limelitaja. Basi. Liandike, lisome kwa sauti ukiwa na saa, likate hadi liingie. Lakini usilikariri neno kwa neno. Ukisahau neno moja, lote linaanguka.

Kisha yanakuja maswali ya uwezo, na hapa ndipo maneno ya jumla yanaua. "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa." Mjumbe ameshayasikia hayo tangu asubuhi. Hana cha kuandika.

Tuseme nafasi ni ya mtunza stoo kwenye kiwanda cha alizeti Singida, na umeulizwa kama unaweza kudhibiti mali. Jibu lenye uzito linakwenda hivi:

"Nilipokuwa mafunzoni, leja na mzigo uliokuwa ghalani vilikuwa havilingani. Mwezi wa kwanza tulikuta pungufu ya madumu 14 ya lita 20. Nilipofuatilia niliona kuna mzigo unatoka kwa maneno, hati ya kutolea inaandikwa baadaye au haiandikwi. Nikamwomba msimamizi turuhusiwe kutotoa dumu lolote bila hati yenye sahihi mbili, na tukawa tunahesabu kila Ijumaa. Mwezi wa tatu pungufu ilikuwa dumu moja, na lile tulijua limepasuka."

Ndani ya maneno hayo kuna tatizo, chanzo chake, alichokifanya msemaji mwenyewe, na matokeo yanayohesabika. Kila kipande ni alama. Andaa visa vitatu vya namna hiyo kutoka maisha yako halisi: kimoja cha kutatua tatizo, kimoja cha kufanya kazi na mtu mgumu, kimoja cha jambo ulilolikosea ukalirekebisha. Visa vitatu vikigeuzwageuzwa vinajibu maswali mengi. Kama hujawahi kuajiriwa, mafunzo kwa vitendo, uongozi wa hosteli, kikundi cha kuweka akiba, hata duka la nyumbani vinafaa, mradi idadi na tarehe ziwe za kweli. Wasaili huuliza swali la pili ndani ya la kwanza, na kisa cha kutunga hakina majibu ya swali la pili.

Kwenye maswali ya ujuzi wa kada, kosa ni kujibu kwa nia njema badala ya kujibu kwa taratibu. Mwombaji wa utendaji wa kijiji anaulizwa majukumu yake, anajibu "kuleta maendeleo kwa wananchi". Hata mbunge hujibu hivyo. Anayejua kazi ataanza na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287: mtendaji ni katibu wa Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, anaandaa vikao, anatunza mihtasari, anasimamia makusanyo, na anahakikisha taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu. Hapo mjumbe anaandika mfululizo.

Kwa kazi yoyote ya serikali soma pia Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na kanuni za maadili ya utumishi. Na angalia usilete habari iliyopitwa na wakati: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025, na bado kuna wanaotafuta kazi kwa makablasha ya zamani yaliyojaa Dira ya 2025.

Usipojua jibu, usitunge kifungu cha sheria. Katika jopo huenda yupo mtu anayetumia sheria hiyo kila siku. Sema unachokijua karibu na swali, sema ungemuuliza nani au ungetazama waraka gani, kisha nyamaza. Kunyamaza ni ustadi. Wengi wanajibu vizuri halafu wanaongeza sentensi tatu zinazobomoa jibu.

Lugha: fuata lugha ya swali. Kama Kiingereza kinakukwama, uliza kwa adabu kama unaruhusiwa kufafanua kwa Kiswahili. Kuuliza si dhambi. Kinachoudhi ni sentensi inayoanza kwa Kiingereza na kufia katikati.

"Udhaifu wako ni upi?" Jibu la "napenda kazi kupita kiasi" limechakaa. Taja udhaifu wa kweli usiogusa moyo wa kazi hiyo, na unachokifanya kuudhibiti. Mhasibu asiseme hana umakini na tarakimu. Aseme kuongea mbele ya umati kunamsumbua, na kwamba sasa huandika hoja zake kwanza.

Mwajiri wako wa zamani usimseme vibaya, hata kama alikudhulumu mishahara ya miezi. Jopo halitamhukumu yeye, halimjui. Linakuona wewe, na linajiuliza utawasema vipi wao. "Mkataba ulikwisha" au "natafuta nafasi inayolingana na taaluma yangu" inatosha.

Wakikuuliza kama una swali, kwenye kampuni binafsi uliza moja la kazi: nafasi hii inaripoti kwa nani, au miezi mitatu ya kwanza mnategemea nini. Likizo na posho ziache mpaka upewe barua.

Mshahara

Serikalini ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo, kwa hiyo kujadili kiasi ni kupoteza dakika. Kwenye sekta binafsi utaulizwa unataka kiasi gani, na kosa ni kutaja namba bila kusema kama ni kabla au baada ya makato.

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 inayobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, 120,000. Mkononi unapata 540,000. Aliyetaja 800,000 akiwa anawaza kodi ya nyumba Kisasa na ada ya mdogo wake atashangaa mwisho wa mwezi. Fanya hesabu kuanzia kwenye kiasi unachohitaji mkononi, panda juu, kisha taja kiwango cha chini na cha juu ukisema wazi "kabla ya makato".

Na yule anayekupigia akidai yuko ndani ya mfumo, kwamba utume kiasi fulani jina lipite, hana uwezo wowote juu ya jina lako. Ameliona kwenye tangazo lililo wazi kwa kila mtu. Nafasi za serikali haziuzwi, na kutoa ni kosa sawa na kupokea chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haitozwi.

Ukishatoka

Hesabu vyeti vyako kabla ya kuondoka kwenye meza ya uhakiki, maana kila usaili huacha cheti cha mtu. Usisimame nje kulinganisha majibu na wenzako, hasa kama mahojiano yako ni kesho. Utaingia na majibu yao kichwani.

Kwenye kampuni binafsi tuma ujumbe mfupi wa shukrani siku hiyohiyo au kesho yake, sentensi mbili, na usubiri muda waliokuambia kabla ya kuulizia. Serikalini matokeo huwekwa kwenye tovuti na kwenye akaunti yako. Aliyefaulu na kukosa nafasi kwa sababu nafasi zilikuwa chache anaweza kubaki kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye bila usaili mwingine. Kwa hiyo ukibadilisha laini ya simu, ingia kwenye akaunti ubadilishe namba siku hiyohiyo, na barua pepe uliyojisajilia iwe ile ambayo nywila yake unaikumbuka.